Aliwaambia "msiuze nyumba zenu", kiwanda kikafungwa, wakampa kura tena. Kwa nini?

#1 Nahodha_wa_Kalamu

Wakuu, heshima kwenu.

Julai 2017 Donald Trump alisimama mbele ya umati mjini Youngstown, Ohio, mji ambao viwanda vyake vya chuma vilikufa zamani. Akawasimulia jinsi alivyopita njiani akitazama yale majengo makubwa yaliyobaki magofu, kisha akawaahidi kuwa kazi zote zinarudi. Akawasihi: msihame, msiuze nyumba zenu.

Si mbali na hapo kuna Lordstown, palipokuwa na kiwanda cha magari cha General Motors tangu 1966. Novemba 2018 kampuni ikatangaza kwamba inakisimamisha. Machi 2019 likatoka gari la mwisho.

Kwa akili yangu, hapo ndipo mwanasiasa anapopigwa chini. Lakini uchaguzi wa 2020 kaunti ya Mahoning, ambamo Youngstown imo, ikampa Trump ushindi. Kaunti hiyo haikuwa imempa mgombea urais wa Republican ushindi tangu Nixon 1972. Na 2024 akashinda tena kwa pengo kubwa zaidi.

Nimeliwaza sana hili na jibu langu ni moja: vyombo vya habari vyenye upande. Fox News ipo tangu 1996, redio za maneno makali zimetamba tangu mwisho wa miaka ya 80. Mtu anakaa saa tano, sita kila siku akiambiwa kwamba kila baya lina mwenyewe, na mwenyewe huyo kamwe si kiongozi wao. Ahadi ikivunjika, jioni ileile anapewa wa kumlaumu. Mkiondoa mashine hiyo, ufuasi huu unayeyuka.

Nawasilisha. Karibuni tupingane.

#2 Kipanga_Mwekundu

Naunga mkono hoja. Ongeza kwamba serikali yao ndiyo iliyofungua mlango. Mwaka 1987, enzi za Reagan, walifuta kanuni iliyokuwa inavilazimisha vituo kutoa nafasi kwa pande zote kwenye mambo yenye ubishi. Bila kufutwa kwa kanuni hiyo Fox News isingezaliwa.

#3 Mwalimu_wa_Zamu

Kipanga, nusu umepatia na nusu umekosea. Kanuni ile ilifutwa 1987, sawa. Ila iliwahusu wanaotumia masafa ya hewani tu, yaani redio na televisheni za antena, kwa sababu masafa ni mali ya umma na ni machache. Fox News ni ya kebo. Hata kanuni ingebaki, isingeigusa.

Ilichofungua ni redio. Mtangazaji Rush Limbaugh alianza kusikika nchi nzima 1988, mwaka mmoja tu baadaye, na wengi wakafuata nyayo zake. Kwa hiyo tukisema mashine, tuanze na redio za AM. Televisheni ilikuta wasikilizaji wameshaandaliwa.

#4 Dereva_wa_I80

Mwalimu kaniwahi. Mimi naendesha lori, mwaka wa kumi na moja huu, New Jersey hadi California na kurudi. Usiku pale Nebraska simu haishiki vizuri, unabaki na redio. Unazungusha: injili, mpira, halafu jamaa anayelalamika. Unazungusha tena: jamaa mwingine analalamika jambo lilelile kwa maneno yaleyale.

Nitasema ukweli wangu. Mwezi wa kwanza nilikasirika. Mwezi wa pili nikawa nacheka. Mwezi wa sita nikajikuta nasubiri kipindi kianze, maana saa tatu za usiku bila sauti ya mtu ni ndefu mno. Sikubadilisha mawazo yangu kuhusu Trump. Ila nilianza kujua maadui wao wote kwa majina, kuliko ninavyowajua majirani zangu. Ile sauti inakaa na wewe. Inakuaga usiku mwema. Msiidharau.

#5 Takwimu_Tupu

Nawapa hesabu halafu mnijibu.

Trump alipata kura kama milioni 63 mwaka 2016, milioni 74 mwaka 2020 (akashindwa na Biden aliyepata milioni 81), na milioni 77 mwaka 2024. Fox News saa za jioni, hata siku zikiwa nzuri, inahesabu watazamaji milioni chache. Hao wengine wote mnawaweka wapi?

Kuna utafiti wa wachumi DellaVigna na Kaplan, ulitoka 2007. Walitumia bahati moja: kati ya 1996 na 2000 Fox News ilikuwa imefika kwenye kebo za miji fulani na mingine bado. Wakalinganisha kura. Pale ilipofika, Republican waliongeza kati ya pointi 0.4 na 0.7 za asilimia. Hicho ndicho kipimo. Ni athari ya kweli, lakini ni kijiko kwenye pipa. Nahodha anasema tukiondoa mashine ufuasi unayeyuka, na mimi nasema zingepungua kura kadhaa tu.

#6 Kipanga_Mwekundu

Takwimu, kijiko hicho mwaka 2000 kilitosha. Florida iliamuliwa kwa kura 537.

#7 Takwimu_Tupu

Kweli, hapo sina ubishi. Kuamua uchaguzi uliokaribiana ni jambo moja. Kueleza kwa nini mtu hamwachi kiongozi wake baada ya kuahidiwa kazi akakosa ni jambo lingine, na ndilo lililoulizwa.

#8 Mama_Tulivu

Habari za humu. Huwa nasoma tu, leo nimeona jina Youngstown nikashindwa kunyamaza. Nabeba boksi huku huku, natunza wazee majumbani. Wakala aliyeniajiri hanihusu hapa, nataka niwaeleze mzee mmoja ninayemhudumia.

Ana miaka 80. Alifanya kazi kiwanda cha chuma ujanani. Mke alifariki, watoto wako majimbo mengine, wanampigia Jumapili. Nikiingia saa kumi na mbili asubuhi televisheni inaongea. Rimoti ameifunga kwa mpira kwenye mkono wa kiti ili isianguke, kwa sababu vidole havimtii tena. Akisinzia nikapunguza sauti, anashtuka. Watangazaji anawaita kwa majina ya kwanza kama wajukuu. Mmoja alipotoweka hewani, mzee alikuwa mnyonge wiki nzima, akawa ananiuliza kama naweza kujua kaenda wapi.

Kwenye jokofu ameibandika kwa sumaku barua ya 2020, ile waliyotumiwa watu na sahihi ya Trump wakati wa fedha za korona, dola 1,200. Nilimwambia fedha zilipitishwa na Bunge, vyama vyote viwili. Akasema anajua. Barua haikuondoka.

Na siku ile Mei 2024 mahakama ya New York ilipomtia Trump hatiani kwa makosa 34, nilidhani atalia au atatukana. Aliomba kitabu cha hundi. Mikono inatetemeka, nikamwandikia mimi bahasha. Alituma dola 20. Mzee huyu anakata vidonge vya presha nusu ili vifike mwisho wa mwezi.

Sijui mtaita hali hii nini. Mimi naona upweke kwanza, siasa baadaye.

#9 Nahodha_wa_Kalamu

Mama Tulivu, asante sana. Hii ya bahasha imenigusa. Na hakuwa peke yake, kampeni yenyewe ilitangaza kukusanya zaidi ya dola milioni 50 ndani ya saa 24 baada ya hukumu ile.

Lakini huoni kwamba unanipa mimi ushindi? Hiyo televisheni imekuwa familia yake.

#10 Bibi_Hoja

Nahodha usikimbilie ushindi, mjukuu wangu. Mzee wa Mama Tulivu alipigwa kabla ya televisheni hiyo kuzaliwa. Youngstown wana siku wanaiita Jumatatu Nyeusi, 19 Septemba 1977. Kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell na kazi kama 5,000 zikaenda. Fox News ilichelewa miaka 19 baada ya msiba huo.

Halafu hesabuni walioshika madaraka tangu hapo. Carter hakuviokoa viwanda. Reagan hakuviokoa. Clinton wa chama chao wenyewe, Democrat, alitia sahihi mkataba wa biashara huria na Meksiko na Kanada, ukaanza 1994. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Ajira za viwandani Marekani zilikuwa kama milioni 17 mwaka 2000, kufika 2010 zikabaki kama milioni 11 na nusu. Mtu aliyezikwa na vyama vyote viwili akisikia mmoja anasema "mlizikwa mkiwa hai", atamsikiliza hata kama huyo naye hana koleo.

Na koleo kidogo alikuwa nalo. Machi 2018 alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwenye chuma kinachotoka nje. Kwa mzee wa kiwanda cha chuma, hilo ni jambo alilolilia miaka 40. Kama lilileta faida au hasara kwa uchumi ni mjadala mwingine. Yeye aliona mtu amelifanya.

#11 Mwalimu_wa_Zamu

Bibi, shikamoo. Kuna kipande kinakosekana. Watu hawa hawa walimpa Obama kura nyingi mno 2008 na 2012. Serikali ilipoinusuru General Motors 2009, Lordstown ilipona, na Obama alifika pale Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo usiniambie hawakuwahi kuona mtu wa kuwajali kabla ya Trump. Kidonda cha 1977 kilikuwepo na bado 2012 walichagua Democrat. Kilichobadilika kati ya 2012 na 2016 ni nini? Kidonda hakikubadilika.

#12 Bibi_Hoja

Marahaba mwanangu. Mgombea alibadilika. Mwaka 2012 Republican walimleta Mitt Romney, tajiri wa kununua na kuuza makampuni, aliyeandika kwenye gazeti kubwa 2008 akipinga kampuni za magari zipewe fedha za kuokolewa. Mpigakura wa Lordstown angemchaguaje huyo? 2016 chama kilekile kikaleta mtu anayeulaani mkataba wa biashara kila jukwaa. Na upande wa pili akasimama Hillary, mke wa aliyeutia sahihi, ambaye Septemba 2016 akaropoka kwamba nusu ya wafuasi wa mwenzake ni kapu la watu wa hovyo. Neno hilo walilichapa kwenye fulana wakalivaa.

#13 Mkaguzi_Houston

Naona mnawajadili kama samaki kwenye bakuli. Mmoja wao yuko humu.

Nilipata uraia 2018, nilimpigia Trump 2020 na 2024. Nyumbani sina kebo. Redio hizo za Dereva sizisikilizi. Mimi ni mtu wa kanisa na suala langu ni moja, uhai wa mtoto tumboni. Aliahidi majaji, akawaleta watatu Mahakama ya Juu: Gorsuch 2017, Kavanaugh 2018, Barrett 2020. Juni 2022 mahakama hiyo ikatengua hukumu ya 1973 iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima. Viongozi wangapi waliniahidi hilo wakaishia kupiga picha? Huyu alitoa.

Kwa hiyo Nahodha anapouliza kwa nini hatumwachi baada ya ahadi kuvunjika, nauliza ahadi ya nani? Ya Lordstown hakuniahidi mimi.

#14 Kipanga_Mwekundu

Na madai kwamba uchaguzi wa 2020 uliibwa, unayaamini?

#15 Mkaguzi_Houston

Hapana. Mahakama zilitupa kesi zile, pamoja na majaji aliowateua mwenyewe. Siamini kuwa aliibiwa. Nilimpigia hivyohivyo, na 6 Januari 2021 nilipoona watu wanavunja madirisha ya Bunge niliumia. Nimeishi nikitamani nchi ambayo aliyeshindwa anaondoka. Bado nikampa kura. Sitaki kupamba.

#16 Dereva_wa_I80

Houston, nimekuheshimu kwa kusema wazi. Siku nikipita Texas unipikie, nitakusemesha suala la wahamiaji hadi asubuhi.

#17 Mkaguzi_Houston

Karibu sana kaka. Hilo linaniuma pia, nina shemeji ambaye karatasi zake hazijatoka. Ugali upo.

#18 Takwimu_Tupu

Bandiko namba 15 ni la muhimu kuliko yote kufikia hapa. Huyu si mfuasi aliyelishwa sumu. Anajua, na anachagua. Tukihesabu kura tunamwona Houston na mzee wa Mama Tulivu kama kitu kimoja, kumbe mmoja amefanya biashara na mwingine amepata jamaa. Neno "uaminifu" linawafunika wote wawili bila haki.

#19 Nahodha_wa_Kalamu

Houston nimekusoma kwa heshima, na nakubali hoja ya ahadi ya nani. Lakini tusiwasafishe wenye vyombo. Kesi ya kampuni ya mashine za kura, Dominion, dhidi ya Fox News ilifichua ujumbe wa ndani. Watangazaji na wakubwa wao hawakuamini madai ya wizi wa kura, na kipindi kikianza madai yanarushwa. Tucker Carlson, ambaye hewani alikuwa ngao ya Trump, aliandika faraghani Januari 2021 kwamba anamchukia kwa moyo wote. Aprili 2023 Fox ikakubali kulipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi.

Mtu anamdanganya bibi yako kila jioni huku anajua anamdanganya, na nyie mnaniambia ni kijiko kwenye pipa?

#20 Sauti_ya_Studio

Nahodha, mimi nimefanya kazi ya redio miaka mingi, kituo nisikitaje. Isome tena kesi hiyo, ina somo la kinyume na unavyodhani.

Usiku wa uchaguzi 2020 Fox ndiyo iliyotangulia kutangaza kwamba Biden amechukua Arizona, kabla ya mitandao mingine mikubwa. Walikuwa sahihi kwa matokeo. Kilichofuata? Watazamaji waliwageuka. Wengi wakahamia Newsmax, kituo kidogo ambacho kabla ya hapo hakikuwa tishio kwa mtu. Ujumbe wa ndani uliofichuliwa umejaa woga wa kukimbiwa. Hapo ndipo madai yaliporudi hewani kwa nguvu.

Sasa niambie, nani alimwongoza nani?

Nitakupa la kwangu. Tulikuwa na kipindi cha asubuhi cha siasa, wasikilizaji wanapiga simu. Siku moja mwongozaji alisema kiongozi anayependwa na wengi wa wasikilizaji wetu amekosea hesabu ya bajeti. Hesabu tu, hakumtukana. Zile taa za simu ziliwaka zote saba kwa mpigo, na zikakaa zimewaka. Muuzaji wetu wa matangazo ya biashara akapigiwa simu na mteja mmoja kabla ya saa nne. Kesho yake mwongozaji alipofika kwenye jambo linalofanana na hilo, nilimwona kupitia kioo akitazama taa kwanza, ndipo akafungua mdomo. Hakuna bosi aliyemwambia kitu. Ninaijua sura ile hadi leo.

Sisi tulidhani tuna wasikilizaji. Wao ndio waliokuwa na sisi.

#21 Kipanga_Mwekundu

Dah. Hii ya taa saba sitaisahau.

#22 Mwalimu_wa_Zamu

Sauti ya Studio, nakubali kiasi. Ila pande zote zina mlango, haiwezekani mtazamaji awe na nguvu zote. Kuna jaribio la Septemba 2020 la Broockman na Kalla. Waliwalipa watazamaji wa kudumu wa Fox dola 15 kwa saa watazame CNN kwa mwezi, hadi saa saba kwa wiki. Wakabadilika kweli: wakajua mambo ya korona ambayo hawakuyajua, na wengi zaidi wakasema Fox isingeripoti kama Trump angekosea. Maana yake taarifa zikifika zinaingia, hawa watu si mawe.

Malipo yakaisha, wakarudi kwenye kituo chao, na mabadiliko mengi yakafifia.

#23 Bibi_Hoja

Basi hapo umenipa mimi, mwalimu. Kwa nini walirudi? Kwa sababu nyumbani ni nyumbani.

#24 Nahodha_wa_Kalamu

Au umenipa mimi, Bibi. Yamefifia kwa sababu dozi imerudi!

#25 Msafiri_wa_Maktaba

Nisameheni nitoke nje ya Marekani kidogo.

Italia: Silvio Berlusconi alikuwa na televisheni kabla ya chama. Utafiti uliotoka 2019 uliangalia maeneo yaliyopata mawimbi ya vituo vyake mapema, miaka ya 80 mwanzoni, wakati vilikuwa vinarusha filamu, michezo na burudani tu, habari hakuna. Maeneo hayo yalimpa kura nyingi zaidi alipoingia siasa 1994, na tofauti ikaendelea kwa karibu miaka 20. Hakuna aliyeambiwa "mpigie huyu". Kwa hiyo chombo kinaweza kufanya kazi bila kusema neno la siasa.

Argentina: rais Juan Perón alipinduliwa 1955. Mwaka uliofuata serikali ilitoa amri iliyokataza hata jina lake kutajwa hadharani. Redio na magazeti makubwa yalikuwa upande wa pili. Alikaa uhamishoni karibu miaka 18. Aliporudi 1973 na kuruhusiwa kugombea alipata zaidi ya asilimia 60. Hakuwa na hata kituo kimoja. Alikuwa na vyama vya wafanyakazi.

Mifano hiyo miwili imenikosesha jibu rahisi.

#26 Takwimu_Tupu

Maktaba, umesafiri lakini umeleta mzigo. Neno la mwisho ulilosema ndilo ninalolitaka. Marekani miaka ya 1950 karibu mfanyakazi 1 kati ya 3 alikuwa kwenye chama cha wafanyakazi. Leo ni 1 kati ya 10. Mji kama Youngstown chama ndicho kilichokueleza bajeti, mkataba, na nani wa kumpigia kura. Kikifa, hiyo kazi nani anaifanya?

#27 Dereva_wa_I80

Jamaa wa redioni saa nne usiku.

#28 Sauti_ya_Studio

Na gazeti. Youngstown walikuwa na gazeti lao, The Vindicator, lilianzishwa 1869. Lilifungwa mwisho wa Agosti 2019, baada ya kutimiza miaka 150. Jina na orodha ya wateja vikanunuliwa na gazeti la mji jirani. Kwa Marekani nzima magazeti zaidi ya 2,500 yamekufa tangu 2005.

Oanisheni tarehe. Machi 2019 gari la mwisho Lordstown, Agosti 2019 gazeti. Mwandishi wa pale pale, anayekutana na watu sokoni, ndiye ambaye angeandika kila wiki: "Alisema msiuze nyumba, hizi hapa nyumba zilizouzwa." Mwaka wa uchaguzi ulipoanza, chumba kile cha habari kilikuwa kimeshatawanyika. Ikabaki televisheni ya taifa, na televisheni ya taifa haijui mtaa wa mzee wa Mama Tulivu.

#29 Kipanga_Mwekundu

Na tusivisahau vile vituo vinavyojiita havina upande. 2015 na 2016 vilirusha mikutano yake mubashara mwanzo mwisho, mpaka jukwaa tupu wakimsubiri afike. Mkuu wa CBS alisema Februari 2016 kwamba kampeni ile huenda si nzuri kwa Marekani, lakini kwa CBS ni neema tupu. Aliyemjenga si rafiki peke yake.

#30 Bibi_Hoja

Mama Tulivu uko wapi? Mfanyie mzee wako swali moja kwa niaba yetu. Muulize kama anakumbuka yale maneno ya "msiuze nyumba".

#31 Mkaguzi_Houston

Bibi, ukimuuliza kwa namna ya kumnasa atajifunga. Mimi nimeulizwa hivyo mara nyingi na wenzangu kazini, najua unavyojisikia. Muulize siku ametulia.

#32 Mama_Tulivu

Nimeona ujumbe. Nitaingia zamu kesho, nitatafuta nafasi.

#33 Nahodha_wa_Kalamu

Wakati tunasubiri: nimerudi kusoma bandiko langu la kwanza. Ile sentensi kwamba mkiondoa mashine ufuasi unayeyuka, naiondoa. Mfano wa Perón umeibomoa. Lakini siondoi hasira yangu kwa wanaojua ukweli wakauficha. Hiyo naibeba.

#34 Mama_Tulivu

Nimemuuliza. Nilisubiri amalize kula, nikazima sauti tu, picha nikaiacha.

Anakumbuka. Alikuwa hapo Youngstown, alienda na jirani yake, walisimama foleni kwenye jua. Akanirudia maneno yote, "msihame, msiuze nyumba zenu". Nikamwambia, lakini baba, kiwanda kilifungwa. Akanyamaza kidogo. Akasema: kampuni ndiyo iliyodanganya, yeye alituambia alichotaka kiwe.

Nikamuuliza kama jirani aliuza. Akasema aliuza, alihamia kwa mwanawe. Akaninyooshea kidole dirishani, ile nyumba yenye ngazi za kijani. Sasa wamepanga watu ambao hawajui majina yao.

#35 Nahodha_wa_Kalamu

Mama, pole na asante. Niulize moja tu, na usiniudhikie. Hayo maneno ya "kampuni ndiyo iliyodanganya", ni ya kwake au aliyasikia kwenye televisheni?

#36 Mama_Tulivu

Sijaudhika, hata mimi lilinijia hilo nikamuuliza. Hakukumbuka televisheni. Alisema aliyasikia mara ya kwanza 1977 kwenye ukumbi wa chama chao cha wafanyakazi, wiki ile ya Jumatatu Nyeusi. Aliyeyasema alisimama juu ya kiti. Anamkumbuka hadi rangi ya koti.

#37 Takwimu_Tupu

Ukumbi huo bado upo?

#38 Mama_Tulivu

Mimi siujui. Amenielekeza njia, kushoto baada ya daraja. Ijumaa nikitoka zamu nitapita nitazame. Amesema nimpigie picha.